Damu ndani ya nyama ya moyo baada ya stenti: dawa ziachwe au ziendelee?

SWALI: "Docta, habari ya kazi. Baba yangu ana miaka 64, tunaishi Kamalondo hapa Lubumbashi. Ana tension na sukari. Kwa muda mrefu alikuwa anabanwa kifua akipanda ngazi. Mwezi uliopita tulimpeleka Johannesburg, wakakuta mshipa mmoja wa moyo umeziba kabisa tangu zamani. Waliufungua, wakaweka stenti mbili, vile vibomba vya wavu wa chuma vya kuushikilia mshipa ubaki wazi. Alitoka pale akiongea vizuri, ila jioni kifua kikamuuma sana, presha ikashuka, wakamrudisha reanimasyo, chumba cha wagonjwa mahututi. Walituambia waya ulitoboa mshipa mdogo na damu ikaingia ndani ya nyama ya moyo, kwenye ukuta wa katikati. Hawakumpasua. Alilala siku sita, wakamruhusu na aspirini na klopidogreli. Sasa tuko nyumbani, wiki ya tatu. Shangazi anasema dawa hizo zinayeyusha damu na ndizo zitamwua, tuziache. Jirani anasema damu iliyobaki itaoza, lazima ivutwe kwa sindano. Wamemkataza sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tena wanasema hawezi kuingia IRM, ile mashine ya picha ya sumaku, kwa sababu ana chuma moyoni. Nani anasema kweli? Na ana jino bovu linalomsumbua, tunaogopa kuling'oa."

JIBU: Dada yangu, pole kwa wiki hizi. Nianze na jambo lisiloweza kungoja: msiache aspirini, msiache klopidogreli, wala msimpunguzie mzee hata kidonge kimoja, mpaka daktari aliyeweka stenti aseme mwenyewe. Mpigie shangazi simu kwanza, kisha urudi tuendelee.

Hofu ya shangazi ina msingi. Ameona mtu aliyevuja damu moyoni akimeza dawa zinazozuia damu kuganda, na amejiuliza swali ambalo hata sisi madaktari wa moyo tunabishania kila tunapopata mgonjwa wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba yeye amepima hatari moja tu, na kwa mzee wako ziko mbili. Ili uione ile ya pili, inabidi uelewe kilichotokea siku ile.

Kufungua mishipa ya moyo bila kupasua kifua kulianza Zürich mwaka 1977, Andreas Grüntzig alipopanua kwa puto mshipa wa mtu aliyekuwa na sehemu fupi iliyobana. Stenti ya kwanza ndani ya mshipa wa moyo wa binadamu iliwekwa Toulouse mwaka 1986. Mishipa iliyoziba kabisa, kama wa baba yako, ilikuwa kazi nyingine. Kwa miaka mingi iliachwa ilivyo, au mgonjwa akapelekwa kwa wapasuaji, kwa sababu mshipa uliofungwa muda mrefu hauna tena njia ya kupitisha kitu. Mafuta na chokaa vimeujaza. Leo daktari huingia kwa katheta, mrija mwembamba, kupitia mkono au kinena, akifika kwenye mdomo wa mshipa anasukuma waya wenye unene wa karibu theluthi moja ya milimita, na kuutafutia njia polepole huku akiangalia picha ya eksirei. Njia ya mbele ikimkatalia, huzunguka: anapitisha waya kwenye vijishipa vinavyovuka ukuta wa katikati ya moyo ili aufikie mshipa ulioziba kwa upande wa nyuma. Vijishipa hivyo vimepindapinda na kuta zake ni nyembamba mno. Nikisikia "mshipa mdogo" na "ukuta wa katikati" katika habari moja, mawazo yangu yanakwenda huko moja kwa moja. Ripoti ya Johannesburg itaonyesha kama nimekisia sawa.

Kutoboka kwa mshipa ni tatizo linalojulikana, na mgonjwa huelezwa kabla ya kutia sahihi. Katika kazi ya kawaida ya stenti hutokea kwa watu wasiofika 1 kati ya 100. Kwenye mishipa iliyoziba kabisa kwa muda mrefu, idadi hupanda hadi watu kadhaa kati ya 100. Nasema hivi kwa sababu familia nyingi hurudi nyumbani zikiamini kwamba daktari alikuwa mzembe. Inawezekana kwa mtu fulani mahali fulani, lakini kutoboka peke yake hakuthibitishi hilo. Mikono mizuri kabisa hutoboa, na pengine zaidi, kwa sababu ndiyo inayopelekewa mishipa migumu ambayo wengine wameikataa.

Jambo la kuuliza ni damu ilikwenda wapi. Njia ziko tatu. Inaweza kumwagika ndani ya chumba cha moyo, ambako imerudi tu kwenye damu nyingine na mara nyingi haina madhara. Inaweza kutoka nje ya moyo na kujaa kwenye mfuko unaouzunguka. Hapo moyo unabanwa, haupati nafasi ya kupanuka, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache asipotolewa damu hiyo. Ya tatu ndiyo ya mzee wako: damu imejipenyeza katikati ya nyuzi za misuli ya moyo na kubaki humo. Hiyo ndiyo hematoma ya ndani ya misuli ya moyo, na ni nadra kuliko ile ya mfukoni. Kwenye ripoti mnaweza kukuta jina Ellis na namba ya Kirumi. Ni ngazi za mwaka 1994: I ni kidonda kwenye ukuta wa mshipa bila damu kuonekana ikitoka, II ni doa la damu iliyopenya kwenye nyama au kandokando ya moyo, III ni mkondo unaotoka wazi kupitia tundu la milimita moja au zaidi.

Umewahi kugonga kidole kwa nyundo, damu ikajikusanya chini ya ukucha? Hapana nafasi, kwa hiyo damu kidogo tu inaleta msukumo na maumivu makali, lakini msukumo huohuo ndio unaoziba mshipa uliopasuka, na siku zinavyopita doa linageuka rangi na kupungua. Ndani ya ukuta wa moyo mambo yanafanana na hayo. Damu huvuja taratibu, wakati mwingine kwa saa kadhaa, ndiyo maana baba alitoka chumba cha matibabu akiongea na maumivu yakaja jioni. Ukuta unavimba, unabana, na mara nyingi uvujaji unakoma wenyewe. Kwa hiyo hawakukosea kumwacha bila kumpasua. Kwa mgonjwa ambaye presha yake imerudi na hematoma haikui, kungoja kwa macho makali ndiyo tiba inayopendekezwa. Nina hakika walifanya mengi ambayo ninyi hamkuyaona: wakati wa kazi hii mgonjwa hupewa heparini ili waya na stenti zisigandishe damu, na akivuja kuna dawa ya kuifuta, protamini. Wanaweza pia kuziba kijishipa kwa kukaza puto kwa dakika kadhaa, kwa kupachika koili ndogo za chuma, au kwa stenti yenye ngozi juu yake kama mshipa ni mkubwa.

Jirani sasa. Damu iliyo ndani ya misuli haiozi. Haina vijidudu, na mwili unaisaga na kuisafisha kidogokidogo, kwa wiki na miezi. Kuivuta kwa sindano ni wazo linaloeleweka lakini halina pa kushika: damu imeganda, imetawanyika kati ya nyuzi, haijakaa kwenye kibuyu kimoja cha kuchomeka sindano. Ukichoma ukuta huo, unaongeza tundu lingine. Nadhani jirani alisikia habari za damu ya mfukoni, ile inayobana moyo kwa nje. Hiyo kweli huvutwa kwa sindano, na ikivutwa mgonjwa anafufuka mbele ya macho yako.

Kuna damu nyingine ndani ya misuli ya moyo ambayo msiichanganye na hii. Mtu akipata shambulio la moyo na mshipa ukafunguliwa baada ya saa nyingi, vijishipa vya eneo lililokosa damu vimeshaharibika, na damu inaporudi kwa nguvu vinavuja. IRM inaiona kwa wagonjwa wengi kuliko tulivyodhani zamani, takriban theluthi moja au zaidi ya waliopata shambulio kubwa. Maana yake ni kwamba kidonda ni kirefu na moyo utapona kwa shida. Baba yako hakuwa na shambulio siku ile. Misuli yake ilikuwa hai, kilichotobolewa ni kijishipa. Ukisoma habari za kutisha kwenye simu usiku, angalia kwanza zinazungumzia damu ipi.

Je, ametoka hatarini? Sehemu kubwa ya hatari ya kupasuka ni siku za mwanzo, na mtu anayefika wiki ya tatu akila bukari yake na kutembea uani yuko mahali pazuri. Lakini sitakuambia kwamba yamekwisha. Ukuta wa katikati ndimo zinamopita nyaya za umeme wa moyo. Uvimbe ukizikandamiza, mapigo yanaweza kuwa ya polepole kupita kiasi, au yakaruka ovyo. Uvimbe mkubwa unaweza kujitokeza na kuziba njia ya damu inayotoka moyoni. Na mara chache sana, nyama iliyolowa damu hulegea na kufunguka, kukawa na tundu kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Mambo hayo yanaonekana kwa ekografi ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti, na ndiyo maana nataka aifanye wiki hii.

Turudi kwa dawa. Stenti ni chuma kigeni ndani ya damu. Mpaka mwili uifunike kwa ngozi yake mpya, chembe za kugandisha damu zinakimbilia kujibandika juu yake. Aspirini na klopidogreli zinazifanya chembe hizo zisishikane. Hazifanyi damu kuwa maji, na hazitafuti kidonda cha zamani kukifungua. Ukiziacha katika mwezi wa kwanza, stenti inaweza kujaa damu iliyoganda ghafla, kwa dakika chache, na matokeo yake ni shambulio kubwa la moyo kwenye misuli ambayo tayari imeumia. Wengine hawafiki hospitali. Hii ndiyo hatari ya pili ambayo shangazi haioni, kwa sababu haina doa wala historia, inakuja siku moja tu.

Na kuna jambo linalonipa utulivu kuhusu mzee wako. Waliomwandikia vidonge viwili hawakuwa wamesahau damu. Waliiona kwenye skrini, waliipima, walimlaza siku sita wakiitazama, kisha wakaamua kwamba stenti mbili mpya zinahitaji ulinzi kuliko hematoma inavyohitaji kuogopwa. Unaweza kuwaomba wapitie upya uamuzi huo, na unayo haki. Kwa mtu mwenye stenti bila shambulio la moyo, vidonge viwili huchukuliwa kwa kawaida miezi 6, na kwa mwenye hatari kubwa ya kuvuja daktari anaweza kufupisha hadi mwezi 1 au 3, kisha kidonge kimoja kinabaki. Mwandikieni ujumbe mfupi, muulize mambo mawili: ni kidonge kipi kitaachwa kwanza, na tarehe gani. Jibu lake libandikeni kwenye mlango wa kabati la dawa, ili mjadala wa familia uishie hapo.

Kuhusu sombe, mwacheni mzee ale. Katazo hilo linatoka kwa wagonjwa wanaokunywa Sintrom au wafarini, dawa zinazopigana na vitamini K, ambayo majani mabichi yanayo kwa wingi. Hata hao hawakatazwi kabisa, wanaambiwa wale kiasi kilekile kila wiki. Aspirini na klopidogreli hazina ugomvi na sombe wala lengalenga. Punguzeni chumvi humo, hilo ndilo la maana kwa mtu wa tension. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, aiache.

IRM pia hakuna marufuku. Stenti za moyo za siku hizi hazivutwi na sumaku hadi zikang'oka, na mgonjwa anaweza kuingia hata mapema baada ya kuwekewa, mradi wahusika wapewe kadi ya stenti waliyompa Johannesburg. IRM ndiyo inayoonyesha hematoma vizuri kuliko yote. Lakini kwa sasa sioni sababu ya kumsafirisha kwa ajili yake kama ekografi ni nzuri.

Ekografi ifanywe na daktari wa moyo, na ile ya pili na ya tatu zifanywe na mtu yuleyule kwa mashine ileile ikiwezekana, maana tofauti ya milimita tatu kati ya wapimaji wawili inaweza kuwa ya mikono yao na haipo moyoni. Peleka CD ya Johannesburg pamoja na karatasi, hata kama CD haifunguki kwenye simu yako na unaona haina kazi. Omba waandike vitu hivi kwa namba: unene wa ukuta wa katikati, urefu na upana wa hematoma, nguvu ya moyo kusukuma damu, kama kuna maji kwenye mfuko, na kama rangi za Doppler zinaonyesha damu ikivuka ukuta. Karatasi iliyoandikwa "hematoma ipo" peke yake haitusaidii mwezi ujao. Siku hiyohiyo apigwe elektro, kipimo cha umeme wa moyo, apimwe damu ya hemoglobini, sukari na figo. Hematoma ikiwa imepungua au imebaki palepale bila shida, rudieni baada ya mwezi, kisha miezi mitatu. Ikiwa imekua, au mfuko una maji zaidi ya yale yaliyoandikwa Johannesburg, msingoje miadi: timu iliyomtibu ijulishwe siku ileile, na azungumziwe kwenye kituo chenye wapasuaji wa moyo.

Presha yake ipimwe nyumbani asubuhi na jioni, akiwa amekaa kimya, na iandikwe daftarini. Tunalenga chini ya 130 juu ya 80, maana kila mpigo wa presha kubwa unausukuma ukuta uleule ulioumia. Atembee mahali tambarare kila siku, apande ngazi polepole, na asibebe bidoni la maji wala kusukuma gari mpaka ekografi ionyeshe hematoma inanywea.

Sasa duka la dawa la mtaani, ambako naona hatari zaidi kuliko kwenye stenti yenyewe. Mgongo ukimuuma, atapewa diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa. Akatae. Zinaongeza kuvuja tumboni na zinapandisha tension. Parasetamoli inatosha. Sindano za matakoni zisikubaliwe, zinaweza kuacha bonge la damu kwenye msuli. Chale za wembe kifuani, ambazo mjomba mmoja lazima atazipendekeza, hapana. Kama tumbo linamchoma, asinunue omeprazoli, kwa kuwa inapunguza nguvu ya klopidogreli. Daktari amwandikie pantoprazoli.

Kabla ya usiku wa shida, jueni ni hospitali gani ina elektro na ekografi usiku. Ulizeni Sendwe, ulizeni Kliniki za Chuo Kikuu, muulize daktari wenu, na namba iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Mpelekeni mara moja kifua kikimuuma kwa zaidi ya dakika kumi, akizimia au kuona giza, jasho la baridi likimtoka, akishindwa kupumua akilala chali, mapigo yakishuka chini ya 45 kwa dakika huku amelegea, choo kikiwa cheusi, au mdomo ukienda upande na mkono kukosa nguvu. Msipitie kwanza dispansari ya pembeni atundikiwe serumu "kumpa nguvu". Serumu inaweza kumzamisha mtu mwenye moyo uliochoka, na saa moja ya kutundikiwa ni saa moja iliyopotea. Mlangoni semeni maneno haya kabla ya mengine yote: ana stenti mbili, alivuja damu kwenye ukuta wa moyo, anakunywa aspirini na klopidogreli.

Na jino: kama linauma lakini halina usaha, subirini mwezi wa kwanza wa stenti uishe. Likivimba au kuleta homa, ling'olewe, kwa sababu vijidudu vya kinywa kuingia kwenye damu si jambo la kuchezea kwa mzee huyu. Jino moja linaweza kung'olewa bila kuacha dawa zote mbili. Daktari wa meno ajue mapema, afanye asubuhi ili siku nzima ibaki ya kuangalia, ashone fizi na kuweka kipande cha kuzuia damu, na baba ang'ate shashi kwa nusu saa bila kutematema. Atavuja muda mrefu kidogo kuliko mtu mwingine. Ikizidi saa mbili bado damu inajaa mdomoni, arudi kwa aliyeling'oa, akiwa na vidonge vyake mfukoni.